Tikiti Moja, Magodoro Matatu

Kaeni vizuri, na mwenye simu aigeuze kifudifudi, maana nimekuja na kesi na ninatafuta majaji, sitafuti wapiga makofi. Kesi yenyewe ina wasichana watatu, tikiti maji moja, na haki ambayo tangu jana haijapata mwenyewe. Mkinisikiliza mpaka mwisho mtanipa hukumu. Msiponisikiliza mtanipa hukumu vilevile, nawajua, ila itakuwa ya ovyo.

Wasichana hao wanakaa chumba kimoja katika hosteli ya chuo kilichojengwa mlimani. Jina la chuo silitaji kwa sababu bado nasoma hapo. Wote wako mwaka wa kwanza, wote wanasoma fizikia ya utangulizi, na kila mmoja amejaliwa kipaji kimoja. Kimoja tu. Shida ilianzia hapo.

Wa kwanza ni Sikudhani, mtu wa Tanga. Kipaji chake ni jicho. Mpe maneno, atakurudishia picha. Ukimwambia jiwe limedondoshwa kutoka juu ya jengo, atakuuliza: juu wapi, limedondoshwa au limetupwa, linaishia chini kabisa au juu ya kitu? Ukishamjibu anachora, na ukiutazama mchoro wake unalielewa swali kuliko aliyelitunga. Kwenye jaribio la katikati ya muhula alichora jengo, akachora jiwe, akachora mshale wa kushuka, halafu akamchora mwenye jiwe na kumvisha kofia. Muda ukaisha. Hakuwa ameandika jibu hata moja.

Wa pili ni Kokushubira wa Bukoba, tunayemwita Koku. Kipaji chake ni mkono. Mpe unavyovijua, atakutafutia usichokijua kabla hujamaliza kukuna kichwa. Ile milinganyo ya mwendo wenye mchapuko usiobadilika, inayofunga pamoja umbali, muda, na kasi inavyoongezeka, anaikariri kama wengine wanavyokariri namba za simu za mama zao. Kwenye jaribio lilelile Koku alijibu maswali yote. Basi lake lilifunga breki likasimama kabla halijaondoka stendi, na jiwe lake lilianguka kwa sekunde hasi nne. Akayapigia majibu hayo mstari kwa rula, mara mbili.

Wa tatu ni Nyamizi wa Tabora. Kipaji chake ni shaka. Mpe jibu, atakwambia kama linaweza kuishi duniani. Ukimwambia lori la mkaa limekimbia kuliko risasi, hakubishii, anakutazama tu mpaka uone aibu mwenyewe. Kwenye jaribio Nyamizi alikata kila alichokiandika, yakiwemo majibu yaliyokuwa sahihi, akakusanya karatasi ambayo msahihishaji alidhani imepigana na paka.

Wakafeli wote watatu, na mtihani wa mwisho wa muhula ukaenda vivyo hivyo.

Kwa ambao hamjapita huko: ukifeli unapewa sapu, mtihani wa marudio, mwezi wa tisa, wakati wenzako wako makwao wanakula mahindi ya kuchoma. Ukianguka kwenye sapu pia, unadisko. Kudisko ni chuo kukuaga, na wewe kwenda nyumbani kueleza. Nyamizi ana mjomba aliyesema tangu mwanzo kwamba msichana na fizikia ni wapi na wapi. Sikudhani ana baba wa namna hiyo. Kwa Koku ni shangazi. Kila ukoo unaye mmoja, na huyo mmoja huwa amekaa mlangoni anasubiri.

Sasa aingie Dokta Kihwelu, mwalimu wa somo, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kila mwaka chuo kinapofungua milango kwa wageni, idara ya fizikia huwa na onyesho lake. Tikiti linaachiwa kutoka ghorofa ya sita. Chini kuna mteremko wa saruji unaotoka jikoni, na juu ya mteremko huo linaserereka toroli la kubebea masufuria ya ugali, limetandikwa godoro. Tikiti linatakiwa litue kwenye godoro toroli linapopita. Linatakiwa. Mwaka uliopita, Dokta akiwa masomoni, lilitua mbele ya kiti cha mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Idara ilisema ni upepo. Picha bado zinazunguka kwenye simu.

Mwaka huu Dokta aliwaomba wanafunzi waliofaulu wamwandalie onyesho. Waliofaulu walikuwa na sifa za kulinda, wakasema wana semina. Ndipo akawafuata waliofeli, akawakuta watatu hawa wamekaa kwenye vimbweta, yale madawati ya zege ya kujisomea nje.

"Mabinti," akasema, "mnaogopa nini ambacho hakijawapata?"

"Hakuna, Dokta," Koku akajibu.

"Safi. Kanuni zinaniruhusu kumfutia mwanafunzi sapu kwa mradi maalumu. Tikiti likitua godoroni, mtu anafutiwa."

"Watu," Sikudhani akasahihisha.

"Mtu. Mradi mmoja, jina moja. Fomu ina mstari mmoja."

"Na sisi tuko watatu, Dokta."

"Fomu haijui hilo."

Nisimame hapa kidogo. Darasani tunaambiwa tujadiliane, tushirikiane, tufanye kazi kwa makundi, na asiyekuwa na kundi anaonekana mchawi. Ikifika wakati wa kugawa kilichovunwa, ghafla tunakuwa na mstari mmoja. Aliyeitengeneza ile fomu hajawahi kubeba meza na mwenzake. Haya, tuendelee.

Wakakubali. Walikuwa na siku chache, toroli la kuazima, na somo walilolifeli.

Sikudhani akaanza kwa kutofanya kitu. Alikaa kwenye ngazi za jikoni akautazama mteremko mpaka wenzake wakachoka.

"Shoga, unaona nini huko?" Koku akauliza.

"Hadithi mbili. Watu wote wanaona vurugu moja, tikiti na toroli. Mimi naona hadithi ya tikiti na hadithi ya toroli, na hazijuani kabisa. Zinakutana mwisho tu." Akachukua chaki, akachora kwenye kimbweta mshale wa kushuka wima, mshale wa kuserereka, na alama ya msalaba pale mishale inapogusana. "Na kila mshale, unakoelekea nimekuita chanya. Koku, sitaki hasi zako."

Halafu akaanza kuuliza maswali yake ya juu wapi na chini wapi. Tikiti haliishii ardhini, linaishia godoroni, kwa hiyo urefu upimwe mpaka godoroni. Godoro lenyewe ni moja na jembamba, tikiti litapasuka, kwa hiyo yawekwe matatu. Idara haikuwa na matatu. Wakavua vitanda vyao: godoro la Sikudhani likakaa chini, la Koku katikati, la Nyamizi juu. Wakashusha kamba ya kupimia kutoka roshani ya ghorofa ya sita: mita ishirini. Katikati ya toroli Sikudhani akafunga kitambaa chekundu, ili likisemwa "toroli limefika" watu wote wawe wanasema kitu kimoja.

Kisha akaja Mzuanda, mpishi mwenye toroli, kuwaonyesha linavyoendeshwa. Toroli lile lina desturi yake, haliondoki bila teke. Wapishi wote hulipiga teke la nyuma, na mgeni jikoni hufundishwa teke kabla hajafundishwa mwiko. Mzuanda akalipiga. Likaondoka.

"Kaka Mzuanda," Sikudhani akamwambia, "hilo teke lina ukubwa gani?"

"La kawaida."

"Kila siku?"

"Inategemea kama nimekula."

Sikudhani akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mwaka jana walipiga hesabu ya toroli lililotulia, halafu siku yenyewe wakalipiga teke la mtu aliyeshiba. Hadithi zote mbili lazima zianze kwenye utulivu." Akaomba mafuta ya kupikia, akapaka magurudumu mpaka yakalainika, akaweka tofali mbele ya gurudumu na kulifunga kamba. Ukivuta kamba, tofali linatoka, toroli linaondoka lenyewe. Mzuanda alilitazama likienda bila teke kama mtu anayetazama punda wake akifuata wageni.

Hiyo ni kazi ya Sikudhani. Iwekeni pembeni, msiipime bado.

Ikaja zamu ya Koku. Picha ilikuwa nzuri, lakini picha haimwambii mtu aachie tikiti lini. Waliachia toroli kutoka kwenye tofali mpaka kwenye msalaba chini ya roshani, Nyamizi akipima kwa simu, wakarudia mpaka wakakubaliana: njia ni mita nane, muda ni sekunde nne. Koku hakukaa hata chini.

"Umbali ni nusu ya mchapuko, mara muda, mara muda," akasema. "Nne mara nne kumi na sita, nusu yake nane. Kwa hiyo nane mara mchapuko ni nane. Mchapuko ni moja. Kila sekunde inayopita toroli linajiongezea kasi ya mita moja kwa sekunde. Tuje kwenye tikiti. Linaanguka huru, dunia inalivuta kwa kumi. Nusu ya kumi tano. Ishirini gawa kwa tano, nne. Muda mara muda ni nne, basi muda ni mbili. Au hasi mbili."

"Hasi mbili," Nyamizi akarudia.

"Hesabu imetoa mbili zote."

"Yaani tikiti litue sekunde mbili kabla Dokta hajaliachia. Likiwa bado gengeni."

"Nimesema imetoa. Sijasema linatua."

"Futa, Koku."

Akafuta. Kilichobaki kilikuwa safi: toroli linahitaji sekunde nne, tikiti sekunde mbili. Acha toroli liondoke, subiri sekunde mbili, achia tikiti. Mambo yote hayo Koku aliyamaliza kwa muda ambao mimi huwa natafuta kalamu. Bila namba zile, Dokta angesimama roshani na tikiti mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Hiyo ni kazi ya Koku. Iwekeni na ile nyingine.

Ikabaki shida moja. Dokta aliye ghorofa ya sita atajuaje kwamba sekunde mbili zimepita? Kelele za wageni, simu mkononi, tikiti mkononi, hapana. Wakakubaliana wachore mstari mteremkoni: kitambaa chekundu kikiugusa mstari, Dokta anaachia. Mstari uchorwe wapi? Sekunde mbili ni nusu ya sekunde nne. Koku akashika chaki akaelekea katikati ya mteremko, na alipofika akainama.

"Wenzetu wa mwaka jana walichora hapahapa," akasema. "Rangi yao bado inaonekana."

"Basi usichore," Nyamizi akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya suti."

"Suti ilikuwa upepo."

"Upepo gani unasukuma tikiti, Koku? Umewahi kuona tikiti linapeperuka?" Nyamizi akaenda kusimama kando ya tofali. "Litazameni hili toroli. Linaanza kama mtu aliyeitwa ubaoni. Linamaliza kama mtu aliyesikia wali uko tayari. Huku juu linatambaa, kule chini linakimbia. Halafu mnaniambia sekunde mbili za kutambaa na sekunde mbili za kukimbia zimekula njia sawasawa. Haiwezekani."

Akavuta kamba mwenyewe, simu mkono mmoja na chaki mkono mwingine, akatembea sambamba na kitambaa chekundu, na sekunde ya pili ilipotimia akagusa chini kwa chaki. Akarudia. Alama zote zikakaa mahali pamoja, na mahali penyewe si katikati wala karibu na katikati. Ni mita mbili kutoka kwenye tofali. Robo ya njia.

Koku akasimama akapiga hesabu kichwani. "Nusu ya moja, mara mbili, mara mbili. Mbili. Ni kweli, mita mbili." Akaitazama rangi ya mwaka jana. "Na ukingoja mpaka katikati, toroli linakuwa limeshakwenda zake, tikiti liko njiani bado."

"Linashuka kwenye suti," Sikudhani akasema.

Nyamizi akachora mstari kwenye robo. Hiyo ni kazi yake. Sasa zote tatu ziko mezani kwenu.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Makamu Mkuu wa Chuo, mgeni rasmi wa mwaka huu, aliletewa kiti chake mbele, akakaa, na miguu akaivuta ndani chini ya kiti. Suti ilikuwa nyeusi. Mtu huyo alikuwa amejiandaa.

Mzuanda akatokea kiatu kikiwa tayari. "Dada, mbele ya wageni wote hawa nitaonekana sijui kazi. Niachieni teke moja tu."

"Leo linaondoka kwa hiari yake, kaka," Sikudhani akasema, akasimama kati ya mpishi na toroli, akafungua mikono kama golikipa. Hakuondoka hapo mpaka Mzuanda alipokubali kwenda kulinda matairi ya kusimamisha toroli kule chini.

Wageni wakauona mstari. Ulivyokuwa karibu na tofali, wakacheka. Mmoja akasema mstari umekimbilia juu kwa kuogopa tikiti. Mwingine, profesa mzima wa idara nyingine, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mabinti wamekosea, katikati ni kule. Nyamizi akayasikia. Na Nyamizi, nimewaambia, anashuku kila kitu. Sasa akaanza kujishuku mwenyewe. Nilimwona akilowanisha kitambaa cha kufutia kwenye ndoo, akauendea mstari.

Koku akamkamata gauni kwa nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Niusogeze kidogo. Watu wote hawawezi kukosea."

"Wanaweza. Mimi nimehesabu."

"Ulihesabu na hasi mbili pia."

"Ile tuliikataa. Hii hatukuikataa. Mita mbili, Nyamizi. Umeipata kwa chaki, nimeipata kwa hesabu, na sisi wawili hatujawahi kukubaliana hata kuhusu chumvi ya maharage."

Nyamizi akashusha kitambaa. Mstari ukabaki.

Sikudhani akavuta kamba. Tofali likatoka. Toroli likakaa kidogo, likafikiri, likaanza kutambaa na magodoro yake matatu kama bibi harusi asiyetaka kufika. Juu kule Dokta Kihwelu alikuwa amelinyoosha tikiti nje ya roshani. Kitambaa chekundu kikagusa mstari. Dokta akaachia.

Sekunde mbili si muda. Lakini kama una sapu, unaweza ndani yake kumwona mjomba wako mlangoni, kumsalimia, na kusikia jibu lake. Tikiti lilikuja kimya likizidi kukua, toroli nalo likizidi kukimbia, kila kimoja kwenye hadithi yake, hakimjui mwenzake. Vikakutana kwenye msalaba. Puu. Tikiti likazama kwenye godoro la Nyamizi, likaruka kidogo, likatulia. Toroli likaenda nalo mpaka kwenye matairi, na Mzuanda akalipokea tikiti lililo zima, akaliinua juu kana kwamba amelizaa.

Makamu Mkuu akanyoosha miguu.

Watu wakashangilia, lakini watatu wale walikuwa wanamtazama Dokta anayeshuka ngazi na fomu mkononi.

"Hongereni. Sasa jina."

Wakasema wote kwa pamoja.

"Bila mimi," Sikudhani akaanza, "mngekuwa mnapiga hesabu ya teke."

"Bila mimi mngekuwa na mchoro," Koku akasema. "Na Dokta angekuwa amevaa kofia."

"Bila mimi tungekuwa tunafua suti," Nyamizi akasema.

"Wewe ulikuja na kitambaa cha kufuta."

"Na wewe ulikuja na tikiti lililoanguka juzi."

"Nyie wawili, nani aliyewaonyesha kwamba hadithi ziko mbili?"

Wakacheka, maana ni marafiki na wanajuana. Kicheko kikaisha, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka kwamba mwezi wa tisa upo, na mlango wa nyumbani una mtu amekaa.

Dokta akasema wapige kura ya vijiti. Nyamizi akamwambia kijiti hakijui fizikia. Dokta akasema basi, fomu ifike ofisini kabla haijafungwa kesho jioni, na ikifika tupu hafutiwi mtu. Akatukuta sisi wa klabu ya midahalo tunakula vipande vya tikiti lilelile, limeshakatwa, akasema, "Nyie mnaojua kusema, semeni."

Tukasema. Tumesema tangu jana, na asubuhi hii tena.

Upande wa Sikudhani ulidai kwamba swali lililosomwa vibaya halina jibu sahihi, hata ukilihesabu kwa miaka. Yeye ndiye aliyeligeuza tikiti na toroli kuwa kitu kinachoweza kuhesabiwa, na ndiye aliyeliondoa teke. Wakajibiwa kwamba hata kwenye jaribio alilisoma swali vizuri, na akapata sifuri. Msingi si nyumba. Huwezi kumpa mtu funguo za msingi.

Upande wa Koku ukasema hii ni idara ya fizikia, na fizikia mwisho wake ni namba. Sekunde mbili zilitoka kwake, na mstari ulipotaka kufutwa, namba zake ndizo zilizoulinda. Wakajibiwa kwamba namba zake zilikuwa mbili, moja inatua na nyingine haijanunuliwa, na yeye asingejua ipi ni ipi. Na chaki ya katikati ilikuwa mkononi mwa nani?

Upande wa Nyamizi ukasema kitu pekee kilichofika ghorofa ya sita ni mstari. Dokta hakuuona mchoro, hakuzisikia hesabu, aliuona mstari, na mstari ni wa Nyamizi. Wakajibiwa kwamba mtu huyohuyo alikuwa na kitambaa kilicholowa mkononi. Tumpe tuzo kwa mstari aliouchora au tumnyang'anye kwa mstari aliotaka kuufuta?

Akasimama kijana mmoja wa klabu, mwenye tai, akasema kwa heshima zote aliyefanya kazi ni Dokta, kwa sababu ndiye aliyeachia tikiti. Nikamwambia kwa heshima zote aliyelivuta ni dunia, basi fomu tuijaze jina la dunia. Akakaa.

Mwingine akasema apewe mwenye shida zaidi. Nikauliza tunapimaje: tumweke mjomba, baba na shangazi kwenye mizani? Mwingine akasema waikatae fomu, waende sapu wote watatu, huo ndio umoja. Nusura nimpigie makofi, naungama. Kisha nikafikiri. Umoja huo unaongeza mtu wa tatu kwenye hatari, haumtoi mtu hata mmoja. Na watakaoupongeza ni sisi tusio na sapu.

Nikaenda kuwauliza wenyewe. Niliwakuta hostelini wanarudisha magodoro vitandani. La Nyamizi lina shimo la mviringo katikati, halijanyooka mpaka leo. Nikamwambia, basi wewe ndiye uliyelidaka.

"Langu ndilo lililoguswa," akasema.

"Langu ndilo lililobeba yote mawili," Sikudhani akasema.

Koku alikuwa anatandika shuka, hakugeuka. "Toa la katikati," akasema, "halafu achia tikiti."

Wakanipa fomu niipeleke, kwa sababu hakuna kati yao aliyetaka kuishika. Ninayo hapa. Mradi umeandikwa, tarehe imeandikwa, Dokta ametia saini. Ofisi inafungwa jioni hii, na mstari ni mmoja, mweupe, mfupi kuliko mlivyodhani.

Nilisema mtanipa hukumu. Kalamu hii hapa. Wewe uliyekaa mbele na umetikisa kichwa tangu mwanzo kama mwenye jibu, ipokee: unaandika jina la nani, na wale wawili utawaambia nini?